Kumwuliza Tata Kama Analala

Jumatatu, 4 Agosti

Duka limefunguliwa mapema. Mteja wa kwanza alitaka rangi ya geti, kijani. Nikamchanganyia. Miaka minne ya saikolojia chuoni, na kazi yangu hapa Ogembo ni kuuza rangi.

Kwenye kundi la darasa letu, kwa simu, kuna aliyeuliza: mngerudi nyuma, mngeichagua tena kozi ile? Mmoja anauza bima Nyamira. Akajibu hapana, haraka sana. Anayeshauri wanafunzi akasema ndiyo. Mimi nikaiweka simu chini ya kaunta.

Mchana kaka yangu Ombati akapiga kutoka nyumbani, Nyamache. Tata, baba yetu, hali chakula. Tangu tumzike Mama mwezi wa tano anaonja kidogo, anasukuma sahani. "Si wewe ndiye ulisomea mambo ya akili? Kuja umwongeleshe." Nimeudhika. Nimeogopa pia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepewa ruhusa, niko nyumbani. Tata amekonda, koti linamning'inia. Ombati alikuwa ameshapanga viti viwili sebuleni, vinatazamana, ati kama ofisini. Akafukuza watoto nje. Tata akakaa. Akanitazama, nikamtazama.

Darasani swali la kwanza lilikuwa jepesi: unalala vipi? Nikalimeza. Sisi tuna ensoni, ile heshima kati ya mzazi na mtoto wake. Usingizi wa baba ni kitanda chake, kitanda ni chumba chake, na chumbani kwa baba binti haingii, hata kwa maneno. Nikamwuliza habari za ng'ombe. Akasema ng'ombe hajambo, akainuka kwenda kumwona.

Ombati alinitazama kana kwamba mimi ni fundi aliyeharibu redio ya watu. Nina hasira na kila mtu, kuanzia mhadhiri aliyetufundisha kuuliza maswali.

Ijumaa, 8 Agosti

Wifi yangu Kerubo alimpikia ugali na chinsaga, mboga anayoipenda. Tata alinawa. Akamega tonge, akalirudisha. Alipoinuka akashikilia meza kwa mikono miwili. Sote tuliona.

Tutampoteza huku tunamwangalia. Ningesomea ualimu kama alivyotaka, leo hakuna ambaye angenitarajia nimponye. Ningesomea uuguzi, ningempima presha, ningekuwa na la kufanya kwa mikono. Najuta. Hapa naweza kusema. Najuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Walimwombea Tata kanisani naye amekaa pale pale, anaangalia viatu vyake. Baadaye mzee wa kanisa akanishika mkono: "Mungu alijua, ndiyo maana ulisomea hiyo kitu." Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumwambia anirudishie mkono wangu.

Kurudi, Tata alitembea peke yake, mbele.

Jumapili, 10 Agosti

Leo jioni Tata amekula. Hakumaliza sahani, lakini aliomba chumvi. Kerubo akaenda kulia jikoni.

Asubuhi alisema majani ya chai yamezidi, atachuma. Ombati akakataa. Nikasema mwacheni. Nikavaa kikapu, nikashika mstari wa pili, kichaka cha chai kati yetu. Kwenye chai watu hawatazamani. Macho yako kwa majani, vidole vinafanya kazi. Tulifika katikati ya shamba.

Ndipo nikasema, bila kuinua uso, kwamba mimi silali vizuri. Kwamba kuna wakati nashika simu nimpigie Mama, halafu nakumbuka. Sikuuliza kitu.

Mikono yake ikasimama. Ikaendelea.

"Mimi nalala kwa kiti," akasema. "Hiyo kitanda imekuwa kubwa sana, mwanangu."

Alikitaja kitanda mwenyewe, mchana kweupe. Nikadhani ardhi itapasuka, haikupasuka. Akasema pia kwamba chakula hakipiti kwa sababu kila jioni Mama ndiye alikuwa akimwambia, ongeza, na sasa kuongeza mwenyewe anaona ni kama wizi.

Nililia, mara ya kwanza tangu mazishi, huku nachuma, majani mazuri na mabaya yote yakiingia kikapuni. Hakuniambia ninyamaze. Hakugeuka kunitazama. Alipunguza tu mwendo upande wake, akachuma polepole kuliko mtoto, ili nisibaki nyuma.