Sindano ya Pepopunda

Kayole, Jumatano, Julai 1996

Nimechoka! Leo tena akina mama wajawazito walijaa kliniki kupimwa, lakini nilipotoa sindano ya pepopunda benchi likabaki karibu tupu. Eti chanjo inafunga kizazi.

Alibaki Nekesa, jirani yangu wa ploti, aliyemzika mtoto wake wa kwanza, mchanga kabisa, kwa pepopunda hiyo hiyo. Nikamsihi, "Hata mimi nilidungwa nikiwa na mimba, na nikazaa salama."

Akaniangalia kwa huruma. "Najua, sista. Lakini mtoto wako yuko darasa la tano, na hana mdogo wake."

Akachukua kadi yake, akaenda.

Nimezunguka hospitali ngapi nikimtafuta huyo wa pili... Kumbe siku zote hizi ushahidi wao ni mimi.