Boila Inayotoa Kuliko Inachopewa

Bweni la Wasichana, Chumba namba 14,
Chuo cha Uhandisi.
Tarehe 9 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu tangu waache kukupanga zamu mbili mfululizo. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inafuka moshi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani naumwa. Nina hasira.

Nilikuandikia kwamba mwaka huu tunasoma thamodinamiki, elimu ya joto na namna linavyogeuzwa kuwa kazi. Nililipenda somo hili kwa ajili yako, maana ndiyo shughuli yako ya kila siku kwenye boila ya hospitali, tofauti ni kwamba sisi tunaipigia hesabu tumekaa.

Maabara yetu ina boila ndogo, hainifiki kiunoni. Wanafunzi wawili wawili wanaiwasha, wanapima joto la gesi inayoungua na joto linalobebwa na mvuke, kisha wanaandika ripoti. Mimi na mwenzangu wa meza, tunayemwita Mpole, tulipima siku tatu. Gesi ilitoa kilojuli mia tano kwa dakika, mvuke ukabeba mia tatu na kumi. Zilizobaki zilitoroka na moshi na kwenye bomba lililobanduka koti lake la kuzuia joto. Nilirudia hesabu mara nne.

Tukapewa alama nne kati ya ishirini. Nne, Shangazi!

Wenzetu wote walipata kumi na nane. Kumbe kuna faili la kijani ambalo mwaka wa tatu huwarithisha mwaka wa pili. Humo mvuke ni mia saba na ishirini, nao wananakili vivyo hivyo. Namba ya gesi wanaandika ya sasa, kwa sababu fundi wa maabara ndiye anayeisoma na kutia sahihi. Hakuna hata mmoja aliyeziweka namba hizo mbili pamoja akashtuka. Boila inapewa mia tano, inatoa mia saba na ishirini! Ingekuwepo boila ya hivyo, wewe ungeshastaafu zamani. Na wiki ya kwanza kabisa tulifundishwa kwamba nishati haizuki kutoka hewani!

Fundi alinieleza kwamba jiko kubwa la boila, lililokuwa likitoa hiyo mia saba na ishirini, lilikufa miaka miwili iliyopita, akaweka dogo mahali pake.

"Nilitoa taarifa, mwanangu. Karatasi ya majibu anayosahihishia mhadhiri si kazi yangu."

Nikaenda kwa mhadhiri. Hata kiti hakunipa.

"Miaka tisa watu wanapata mia saba na ishirini, wewe ni nani upate mia tatu na kumi?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyepima. Akanipa mpaka Ijumaa nilete ripoti "iliyosahihishwa", la sivyo nirudie mwaka.

Sikuleta. Jumatatu matokeo yakabandikwa, tumepata kumi na nane. Mpole alinakili faili, akaandika majina yetu mawili na kuiga sahihi yangu. Alinikimbilia korido nzima akicheka, akingoja nimshukuru. Niliangua kilio mbele za watu, na nilimwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe mtu mzima.

Hawa ndio watakaokagua boila wakihitimu, na wewe unasimama hatua tatu kutoka kwenye boila ya kweli.

Jana nilikwenda kwa karani wa idara kuomba jina langu liondolewe kwenye ile ripoti. Akanitazama juu ya miwani.

"Unataka tukupunguzie alama?"

"Ndiyo, mama."

Akatafuta fomu ya ombi la namna hiyo, akaikosa, akanipa karatasi tupu. Nimeandika na kutia sahihi, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi narudia mwaka. Baba bado hajui, na barua ya chuo itamwambia neno moja tu, nimefeli. Wewe ni dada yake mkubwa, hathubutu kukukata kauli. Tafadhali mpigie simu kabla barua haijamfikia. Akifoka, mwache afoke. Lakini usikate simu mpaka ameelewa kwamba nilikuwa nimefaulu, na kwamba nilikwenda kuomba kufeli kwa miguu yangu.

Nisalimie Mjomba, wale mapacha, na mwenzako wa zamu mwenye kicheko cha kuangusha sufuria. Mungu akuingize kazini salama na akutoe salama.

Ni mimi nikupendaye sana, binti wa mdogo wako, yule uliyembandika jina la

Kibiriti