Mvinyo wa Harusi ya Mchumba Wangu Ulishanywewa

Bi Huguette wangu, nakuomba unisaidie maana nimejifungia chumbani ghorofani kwa wakwe zangu, na huko chini wanaendelea kula jibini kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi ni mtu wa Lille, kwetu ni bia, mambo ya mvinyo nimeyajulia kwa mchumba wangu Thibault, na kila Agosti ukoo wake wote hukusanyika kwenye jumba lao la shambani huku Bourgogne, mizabibu mbele, mizabibu nyuma, na mwaka huu nimekuja kwa furaha zote kwa sababu Septemba, kabla ya mavuno, tunafunga ndoa hapahapa uani, kadi zimeshatumwa, gauni liko tayari, na makaratasi ya manispaa Thibault aliniambia, "Hayo niachie mimi, mpenzi, wewe shughulika na maua." Nikashughulika na maua.

Sasa leo mchana mama mkwe, Mama Odile, akanituma handakini, chumba cha chini ya nyumba wanamohifadhi mvinyo, nikachukue chupa za mezani, nikashuka na wifi yangu Clémence, na kule chini, Bi Huguette, kila mtoto wa nyumba ile ana shubaka lake ukutani, jina kwa chaki, na ndani yake mvinyo wa mwaka aliozaliwa, ambao haufunguliwi mpaka siku ya harusi yake. Shubaka la Clémence, ambaye hajaolewa, limejaa vumbi na utando wa buibui hata chupa huzioni, la mdogo wao vilevile, lakini la Thibault wangu chupa zinang'aa kama zimetoka dukani jana! Nikafurahi, mjinga mimi. Clémence akaniambia, "Twende wifi, kuna baridi huku," akanivuta mkono.

Tulipokaa mezani nikasema kwa sauti, kwa mapenzi kabisa, "Mama, nimeona mmemfutia Thibault chupa zake kwa ajili ya harusi yetu, asanteni sana." Hapo shangazi yao mkubwa, Shangazi Ginette, ambaye masikio yake ni mabovu lakini kumbukumbu ni nzima, akasema, "Chupa zipi? Za Thibault si tulizimaliza kwenye harusi ya Aurore? Zilikuwa tamu hizo, jamani!"

Nikauliza, "Aurore ndiye nani?" Baba mkwe akasema, "Shangazi, kula jibini." Thibault alikuwa anakata mkate, akaendelea kuukata, akaukata wote mpaka ukaisha. Nikauliza tena, ndipo Mama Odile akanijibu, bila haya, kwamba Aurore alikuwa mke wa kwanza, mambo ya ujana, yamekwisha, na kwamba yeye amehangaika kwa wauzaji mpaka akapata chupa za mwaka uleule ajaze shubaka, "ili na wewe mkwe wangu upate harusi kamili, sasa kosa letu nini?" Thibault naye akasema, "Ningekuambia baada ya harusi." Baada! Nikamwambia, "Baada ya harusi gani, Thibault, hii au ile?"

Clémence amenifuata hadi mlangoni analia, anasema kijiji kizima kinajua, hata mwoka mikate. Maana yake siku ya harusi yangu wangenyanyua glasi wote, watu wote wale, wakinitazama. Thibault anagonga mlango na kusema nakuza jambo dogo, ni chupa tu. Nampenda, Bi Huguette. Je, nimekosea kukasirika? Nifunge ndoa au nisifunge?

Wako, Mgeni wa Mezani

*

Pole sana, binti yangu. Barua yako imeingia kwenye simu yangu sasa hivi, nimeisoma nimesimama, chai imepoa.

Mimi nimezaliwa humuhumu kwenye mizabibu, na la shubaka nalijua. Mtu akiachana na mkewe, mvinyo wake ndio umeshakwenda, basi. Kaka yangu alioa mara ya pili akatunywesha mvinyo wa kawaida, akasimama akasema, "Ule mzuri mliunywa na mwenzake wa kwanza, huu ndio uliobaki," mkewe akacheka kuliko sisi. Hakuna aliyekufa. Kuachika si aibu. Lakini kununua chupa, kushuka nazo handakini na kuzipanga chini ya jina la mtu ili bibi harusi adanganyike, hiyo ni kazi, na wameifanya watu wazima kwa akili zao timamu. Loo! Nimeona mengi, hili geni.

Wewe nawe nikugombeze kidogo. Unatuma kadi za harusi na hujawahi kumuuliza mwanaume, "Umeshawahi kuoa?" Na hayo makaratasi uliyomwachia Thibault, unajua kwa nini aliyataka mwenyewe? Kwa sababu hapa kwetu ndoa na talaka huandikwa pembeni mwa cheti cha kuzaliwa. Ungekiona, ungesoma. Kwa hiyo asikuambie alisahau. Alete nakala mpya, uishike mwenyewe, na uangalie kama talaka imo. Kama haimo, bado ni mume wa mtu, hakuna cha kujadili tena.

Kama imo, bado. Jumatatu piga simu manispaa uisimamishe tarehe. Gauni halitaoza. Kisha Thibault, si mama yake, awapigie wageni mmoja mmoja awaambie kwamba walikuficha na sasa unajua. Na akueleze habari za Aurore, kwa nini waliachana, bila kusema "mambo ya ujana". Akiona hayo ni makubwa mno kwake, umeshajibiwa, na utalia, na mapenzi yatauma, lakini utalia ukiwa Lille, kwenu.

Hukukosea kukasirika hata chembe. Usilale nyumba hiyo usiku wa leo. Mwombe Clémence akupeleke stesheni, huyo angalau amelia. Na usipite mlango wa nyuma kama mwizi. Shuka ngazi na mkoba wako, upite palepale uani, wangali mezani, wakuone wote.