Goretti, Hukuwa Mzee

Mwaka umezunguka, Mama Yvan, tangu asubuhi ile ya Novemba 2013 moyo wako uliposimama ukiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ulikuwa na miaka arobaini na tisa. Tunautaja umri wako waziwazi kwa sababu wengi waliokuja kutupa pole walisema, "Mzee wetu amepumzika."

Hukuwa mzee.

Ulitoka Uvira, ukapita kambi ya wakimbizi, ukafika Toronto ukiwa na watoto wawili na sauti iliyofanya kwaya nzima ikusubiri. Jumamosi mabinti wa jengo letu hapa Rexdale walijaa sebuleni uwasuke. Hukumtoza mtu. Aliyelia kwa kuvutwa nywele ulimwimbia mpaka akacheka. Binti yako Mélissa akikujibu kwa Kiingereza ulijifanya kiziwi, hadi aseme kwa Kiswahili.

Kazini, kwenye kile kiwanda cha chakula cha abiria wa ndege, ulikunja vitambaa na kufunika sinia upesi kuliko wenzako wote. Kisha vidole vikaanza kukaza. Uliacha kusuka kwanza. Ukasema ni baridi.

Daktari aliyekutibu kisukari alikuambia ukutanishe viganja kama mtu anayesali. Havikugusana. Eustache, mume wako, alikuwa amekaa pembeni yako, na maneno ya siku ile anayo mpaka leo.

"Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, inajishikiza kwenye protini za mwili," daktari alisema. "Protini hizo ndizo zinazofanya ngozi na mishipa ivutike. Zikishikwa na sukari, zinafungamana na kukakamaa. Vidole, mishipa ya moyo, figo, hata mboni ya jicho. Kila mtu anapatwa na hali hii anavyozeeka, lakini polepole. Kwako inakimbia."

Ukauliza, "Kwa hiyo sukari inanizeesha?"

"Ndiyo, mama. Na protini zilizokwisha kufungamana hatuna dawa ya kuzifungua. Tunaweza kuzuia zisiongezeke. Insulini, kila siku, bila kukosa."

Bila kukosa! Mwezi uliofuata msimamizi wa zamu alikuita pembeni. "Mama, umri umekufika. Kazi hii inataka vijana."

"Sina hata hamsini," ulimjibu.

Alicheka, akadhani unatania. Jina lako likatolewa kwenye zamu, na kadi ya kampuni iliyolipia dawa zako ikaenda pamoja na kazi. Katika nchi hii kumwona daktari ni bure, kulala hospitali ni bure, lakini sindano ya kumfanya mtu wa umri wako asifike hospitali unajinunulia mwenyewe. Mpaka leo hatujapata wa kutueleza akili ya jambo hilo.

Ukaanza kupunguza dozi bila kusema. Yvan alipoona chupa haiishi, akakuuliza. Ukamwambia, "Nimekula kidogo, nadunga kidogo." Ulimtazama machoni ukitabasamu, naye akakuamini, kwa sababu hukuwahi kumdanganya.

Katunge, jirani yetu Mkenya, ndiye aliyetuambia kwamba serikali ina mpango wa kusaidia dawa. Tukauomba, ukakubaliwa. Lakini zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu na figo zilikuwa zimechoka. Katunge alilia kuliko sisi: "Ningejua kwamba hamjui!" Yeye hatumlaumu. Tunawalaumu waliokuwa wanajua, waliolipwa kujua, pale kwenye dirisha la dawa, wakakuona unaondoka mikono mitupu wakaita, "Anayefuata!"

Msibani wapo walionong'ona kwamba ulipenda vitamu. Wasikie leo: tangu mwaka 2005, ulipoambiwa una kisukari, chai yako haikutiwa sukari, na keki zao za kanisani ulizibeba nyumbani kwa heshima, ukawapa watoto wa jirani. Wapo pia waliosema Mungu amependa. Tunaamini Mungu yupo. Hatuamini kwamba ni yeye aliyekutoa kwenye ile zamu.

Na kuna jambo moja hatujawahi kulisema. Mchapaji wa kadi za mazishi alikuwa na picha yako ya mwisho mbele yake. Alimpigia Eustache simu, kwa adabu kabisa, kuuliza kama mwaka wa kuzaliwa haukukosewa. "Labda ni 1944, mzee wangu?"



"Ni 1964," Eustache alimjibu. "Chapa hivyo hivyo. Na uandike kwa herufi kubwa."

Unakumbukwa na mumeo Eustache, wanao Yvan na Mélissa, dada yako Leokadia aliyeko Uvira, wanakwaya wenzako, na mabinti wote uliowasuka. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani kwetu.

Hatutakusahau kamwe, Goretti, na wala hatujasamehe.