Neema Haninyanyui

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Bariadi tu wazima, na mjomba wako amemaliza kuchuma pamba. Umeuliza kama sioni aibu kuhudumiwa na mtu asiye wa ukoo wetu.

Nilipoolewa kule Lalago, mama mkwe wangu alikuwa haoni. Nilimfanyia kila kitu, hata kumlisha. Siku moja akanishika mkono, akasema, "Mayu, mama yangu, yaliyokufa ni macho. Mikono bado ninayo." Niliona haya. Nikamwekea ungo wa karanga mapajani, akazimenya zote huku akiimba. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akiimba.

Neema, muuguzi anayekuja kila asubuhi tangu nivunjike nyonga, yeye amelisomea jambo hilo la kumwachia mtu anachokiweza. Haninyanyui. Anasimama karibu, anangoja ninyanyuke mwenyewe, na nikiyumba mkono wake uko pale. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Jana nilifika jikoni kwa miguu yangu, nikachemsha chai. Neema akataka kuimimina. Nikamwambia, "Leo kaa wewe, mwanangu, nikuhudumie."

Akakaa.

Bibi yako anayekupenda,
Minza