Beji ya Mzee wa Getini

Baba yangu,

Shikamoo. Naiandika nikijua marahaba haitarudi, lakini wewe usingesikiliza neno langu lolote kabla ya salamu, kwa hiyo tuanze hapo.

Nimekaa kwenye ngazi za ukumbi hapa Nyamisangura, mjini Tarime. Mkutano wetu wa teknolojia umekwisha jioni hii. Wenzangu wanakunja viti, Hamisi anazungushia waya za projekta mkononi, na mimi nina beji mbili shingoni, yangu na yako. Kesho mama ananisubiri nyumbani Gorong'a na hiyo ya kwako, kwa sababu wazee wameamua izikwe. Barua hii nitaiweka kwenye ukurasa wa kikundi chetu, aisome yeyote. Wengi walipita getini leo wakaniuliza uko wapi, na wengi wao sikuwajibu vizuri.

Unakumbuka ulivyofika hapa mara ya kwanza? Hamisi, fundi simu aliyeanzisha kikundi chetu, alikodi pikipiki yenye spika ikazunguka mpaka vijijini ikitangaza: njooni muone teknolojia mpya, hakuna kiingilio. Alitaka wanafunzi na vijana wa vibanda vya simu. Akasahau kwamba ulikuwa wakati wa rashi, dhahabu imeonekana mlimani na watu wanamiminika kuchimba. Siku zile ukimtajia mtu wa Tarime teknolojia, anafikiria kitu kimoja tu: kipimo, ile mashine ya kupitisha juu ya ardhi ikalia penye dhahabu. Hamisi ni mtoto wa mjini, babu yake alikuja na duka kutoka pwani. Hakuliwaza hilo hata kidogo.

Asubuhi ukumbi ukajaa wachimbaji. Mabuti yenye tope, viroba vya mawe mabegani, watu wanasukumana wakae mbele. Na wewe katikati yao, jiwe lako umelifunga kwenye leso ya mama. Mimi nilikuwa mezani naandikisha watu. Nilipokuona niliinama chini ya meza nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Mlisikiliza asubuhi nzima habari za kutengeneza tovuti. Mlikuwa watulivu kuliko wanafunzi, maana mliamini kipimo kiko njiani. Karibu na chakula cha mchana ukanyoosha mkono.

"Mura, kijana wangu, umeongea vizuri sana. Sasa hicho kipimo kinaletwa saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Hamisi akaomba radhi, akaeleza kwamba kipimo hakuna. Wengine wakabeba viroba vyao wakaondoka wakinung'unika. Wewe ukabaki umesimama.

"Haya, basi nina lingine. Mtu akiwa chini, kwenye duara, udongo ukashuka, hizi simu zenu zinaweza kujua yuko wapi?"

Kila mtu mle ndani alijua duara ni nini. Kuna waliokuwa wametoka kwenye mashimo hayo alfajiri hiyo hiyo. Hamisi ana kasoro zake lakini hajui kudanganya. Akasema, "Hapana, mzee. Mtandao haufiki chini ya mwamba."

"Sawa. Nitakuja kuuliza tena."

Na kweli ukaja mwaka uliofuata, safari hii bila jiwe, ukaomba kazi kama sisi wengine tuliojitolea. Hamisi hakujua akupe ipi, akakuweka getini. Nadhani alifikiri utakaa tu kwenye kiti na fulana yako iliyokubana tumboni. Lakini wewe hukuwa mtu wa kumwacha mgeni apite kama mbuzi anayeingia zizini.

"Wewe ni wa nani?" ulimuuliza binti mmoja aliyebeba kompyuta yake kifuani.

"Nimeshajiandikisha kwenye mtandao, mzee."

"Mtandao haujakuzaa. Nimeuliza wewe ni wa nani."

"Wa Wambura. Wa Ringwani."

"Wambura yule mwenye ng'ombe wekundu? Ingia, mama. Nitakukalisha karibu na mtu wa kwenu."

Ukamshika mkono ukampeleka hadi kwenye kiti, huku foleni nyuma yako inafika barabarani. Kila mwaka tulichelewa kuanza kwa ajili yako. Kuna mgeni alitoka mbali kuja kutoa mada, ukamshikilia getini umuulize ukoo wake hadi zamu yake ikapita. Hamisi alishika kichwa. Hakukushinda hata mara moja, na baadaye akaacha kujaribu.

Beji yako niliiandika mimi. Nilikuomba jina kamili, ukakataa.

"Andika Baba Bhoke."

"Baba, hapa wanaandika jina lako mwenyewe."

"Hilo nani ananijua nalo? Andika nilivyosema. Wakinitafuta watakuuliza wewe."

Nikaandika. Nyumbani uliitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na mama anasema uliivaa hadi mnadani, watu wakadhani umekuwa afisa mifugo na ukawaacha wadhani hivyo. Nilipenda sana kukuona nayo. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Kisha rashi ikarudi, safari hii karibu na kwetu. Shamba likabaki na mama. Nilipokuuliza kwa simu kwa nini umeshuka tena duarani na umri huo, ulisema, "Huku ndiko watu walipo." Nikasema haya. Masika ilikuwa imeanza.

Marwa, mwenzako wa duara, alikuwa amepanda kuchukua maji ya kunywa. Ndiye aliyesikia udongo ukishuka, na ndiye aliyenipigia. Kabla sijalia, baba, nilipiga namba yako. Yule mama wa kwenye simu akasema namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nilimsikiliza vizuri, kama mtu ambaye angeweza kubadili mawazo.

Walichimba. Kila walipopata nafasi ya mtu kuingia, mlima ulishuka upya, mpaka wachimbaji wenyewe wakaamriwa kutoka kabla hawajafukiwa. Nilikuwepo iliposemwa kwamba inatosha. Sikumchukia aliyesema, maana alikuwa analia. Nililichukia neno lenyewe na mpaka leo mtu akinimiminia chai siwezi kumwambia inatosha. Natoa kikombe tu.

Uko huko bado. Pale juu pamezungushiwa miba, na nyumbani mama anapita uani akitazama mahali ambapo kaburi lako lingekuwa. "Mtu hawezi kukaa nje miezi yote hii," anasema. Wazee walikaa wakaamua tukuchimbie kaburi uani na tuzike kitu ulichokivaa mwenyewe, chenye alama yako. Koti, kofia na mabuti ulishuka navyo. Mama akaelekeza kidole kwenye msumari, na msumari ulikuwa mtupu, kwa sababu siku ya msiba nilikuwa nimeichukua beji nikaiweka chini ya mto wangu hapa mjini.

Niliwaambia nitaileta baada ya mkutano. Mama alijua sitaki kuileta. Kamba yake bado inanuka ugoro wako, na pembeni ya jina kuna alama ya dole gumba lako. Nikiifukia hiyo, baba, mimi nabaki na nini?

Leo nimesimama getini mahali pako. Nilipanga kuuliza kama wewe, lakini wa kwanza hakunisubiri. Alikuwa yule binti wa Ringwani, siku hizi anafundisha wenzake. Akanitazama, akasema bila kuulizwa, "Mimi ni wa Wambura, mwenye ng'ombe wekundu." Na aliyemfuata akasema ni wa nani, na aliyemfuata yeye. Foleni nzima, baba, walikuwa wanajieleza kabla hawajafika mlangoni. Waliokuwa hawajasikia habari wakauliza, "Baba Bhoke yuko wapi?" Nikasema leo hayupo. Asubuhi nzima nilisema leo hayupo, kama mtu aliyekwenda kwa fundi baiskeli.

Marwa akaja amevaa mabuti yake. Akaisoma beji kifuani kwangu, akavua kofia, akaenda kukaa nyuma kabisa. Karibu na mchana akanyoosha mkono, akasema ana swali ameachiwa, na akaliuliza kama ulivyoliuliza wewe.

Hamisi aliinuka kujibu. Akaeleza kwamba baada ya msiba tulikwenda kwenye duara moja lililoachwa, tukashusha simu kwa kamba, kidogo kidogo, na mimi juu nikawa naipigia. Iliita mwanzoni. Tuliisikia ikiita huko chini, tukaanza kutazamana. Kamba ilipoendelea kushuka, akaingia yule mama wa kwenye simu na maneno yake. Tumejaribu na vifaa vingine, Hamisi akasema, na hatujaacha, lakini jibu la leo ni hapana.

"Basi nina ombi, si swali," Marwa akasema, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Sisi wenzake tunapita pale kwenye miba kila siku. Hatujui tusimame wapi tumsalimie mzee. Dada, mpeleke nyumbani. Tupate mahali pa kusimama."

Nilitoka nje, nikalia nikiegemea geti lako, na hakuna aliyenifuata, nawashukuru kwa hilo. Mpaka saa ile nilikuwa nimefikiri beji ni mali yangu na mama ndiye anayeninyang'anya. Sikuwa nimewafikiria watu wote uliowakalisha.

Kwa hiyo kesho naipeleka. Bado sitaki, nakuambia ukweli. Nitaivua nikishafika uani, si kabla. Nimemwomba mama niiweke kwa mkono wangu mwenyewe, jina likitazama juu, kwa sababu najua huko ulikofika lazima kuna mtu amekaa getini, na sitaki akusumbue kwa kukuuliza wewe ni wa nani.

Lala sasa, baba. Marwa na wenzake wanajua njia ya nyumbani.

Ni mimi, binti yako,
yule ambaye jina lake umelivaa.