Ushuhuda Nilioutoa Juu ya Macho ya Frida

Mwamgongo, Kigoma
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Oswald,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Ubelgiji? Kifua chako kimezoea baridi sasa? Sisi wazima. Shemeji yako Elikana malaria imemwachia, ameanza kula.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti ingekataa. Nilikuambia hatukumpeleka Frida Dar kwenye vipimo vya macho vya ile tiba uliyomtafutia kwa kuwa ziwa lilichafuka. Nilikudanganya, mdogo wangu. Ziwa lilitulia kama maji ya ndoo.

Wiki moja kabla ya safari tulikuwa mwaloni tunaanika dagaa, jua kali. Frida akamwona kunguru anadonoa, akamfukuza mwenyewe. Mtoto anayepapasa kuta tangu atambae! Jumapili nikasimama kanisani, nikashuhudia kwamba binti yangu ameponywa. Watu walilia, kwaya ikaimba. Jioni ile ile, giza likiingia, akajikwaa kwenye mtumbwi.

"Mama, si umesema naona?"

Siku ya safari tukamkuta Regina wa kwaya ndani ya boti. Akacheka, "Mama Frida, aliyeponywa anafuata daktari gani tena?" Nikasema tumemsindikiza mgeni tu. Nikamshusha mtoto na begi lake, tukarudi nyumbani.

Juzi daktari wa Kigoma amenieleza kwamba wenye ugonjwa huu wengine huona kidogo penye mwanga mkali. Kumbe muujiza niliotangaza ulikuwa ugonjwa wenyewe! Amesema pia tumemrithisha mimi na Elikana, sote wawili, bila kujua. Hiyo tiba ya kupenyeza kinasaba kizima nyuma ya jicho bado ni ya majaribio, hawaahidi kitu. Ila tukikawia, jicho litakufa lote na hata hao madaktari hawatakuwa na pa kuanzia.

Leo nimesimama tena kanisani, nikasema Frida haoni. Hakuna aliyeimba. Regina alitazama chini. Sasa nitapanda boti hata wote wakiwa wamejaa humo.

Wasalimie Diana na watoto. Mama Mkubwa Devota anakusalimu sana, anakuombea. Mungu wetu akufunike huko ugenini.

Ile nafasi uliyomhangaikia Frida, bado ipo? Hata kama wamempa mwingine, niambie tu. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Scola